Somo: Kupima mafuta ya karafuu kama kizuizi cha asidi inayokula chuma

Fundi anayeondoa kutu kwa asidi anajua kwamba asidi ikishamaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Mafuta ya karafuu, zao ambalo wakulima wa Amani, Tanga, wanalo, yana kemikali iitwayo yujenoli kwa wingi, na molekuli za yujenoli hujishikiza juu ya chuma kwa oksijeni na pete yake ya benzini (duara la atomi sita za kaboni), zikafanya utando unaopunguza kasi ya asidi.

Kwanza, kata vipande sawa vya chuma cha kawaida kutoka sahani moja, visugue kwa msasa, visuuze kwa maji na asetoni, vikaushe, kisha uvipime kwa mizani inayosoma miligramu. Baada ya hapo tumia koleo, kwa kuwa mafuta ya vidole nayo hukaa juu ya chuma.

Pili, ukiwa nje, umevaa miwani na glavu, mbali na moto, tia mililita 83 hivi za asidi ya haidrokloriki ya asilimia 37 ndani ya maji mengi, kisha ujaze maji hadi lita 1. Usimimine maji juu ya asidi kali.

Tatu, gawa asidi hiyo sawasawa katika vyombo viwili, yeyusha mafuta katika ethanoli (spiriti) kidogo, maana hayachanganyiki na maji, uyatie kwenye chombo kimoja. Chombo cha kulinganishia nacho lazima kipate ethanoli kiasi kilekile. Bila hivyo hutajua kilichofanya kazi ni karafuu au ethanoli.

Tumbukiza vipande kwa saa 6. Pasipo mafuta, viputo vya haidrojeni hupanda mfululizo. Utando ukishika, huwa vichache. Suuza, kausha, pima tena. Tuseme kipande kisicho na mafuta kimepungua miligramu 120 na chenye mafuta 30: tofauti ni 90, ambayo ni asilimia 75 ya 120, yaani mafuta yamezuia asilimia 75 ya chuma kisiliwe.

Fundi, Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kupaka mafuta haya kwenye geti lililo karibu na bahari?

Jibu: Marahaba. Hapana, kwani hewani mafuta haya hugeuka mvuke na kupotea. Geti likishatoka kwenye asidi, lisuuze, likaushe, ulipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Mwanafunzi, Muheza: Mafuta ya maganda ya machungwa yetu je?

Jibu: Sehemu yake kubwa ni limonini, ambayo haina oksijeni, hivyo nisingeitegemea kama karafuu kabla ya kuipima kwa njia hii.

Mwanafunzi, Muheza: Na asidi ikipashwa moto?

Jibu: Hula chuma kwa kasi zaidi, na mara nyingi molekuli za mafuta huachia chuma, kwa hiyo vyombo vyote viwe katika joto moja.