Kabla Hujafungua Nati Moja: Springi za Mbele za Pikapu

Kubadilisha springi za mbele za pikapu nyumbani ni kazi inayoharibika kabla haijaanza. Watu wengi wanaoumia, au wanaolala na gari limening'inia bila tairi, wanajua kushika spana vizuri tu. Tatizo ni kwamba walianza kufungua kabla hawajajua springi yao ni ya aina gani, imebanwa na nini, na ikiachiwa itaelekea wapi. Yote matatu unaweza kuyajua gari likiwa bado zima.

Anza na tochi. Gari likiwa limesimama kwa matairi yote manne, piga magoti uchungulie nyuma ya gurudumu la mbele. Ukiona shokapu imeivaa springi kama soksi, na juu kuna sahani iliyofungwa kwenye chesisi kwa nati tatu hivi, hiyo hutoka pamoja na shokapu yake kisha hutenganishwa mezani. Ndivyo zilivyo Hilux za kizazi kilichoanza 2004, L200 za kuanzia 2005 na Ford Ranger za kuanzia 2011. Ukiona springi imekaa peke yake kati ya chesisi na mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chesisi kwa chini), kama kwenye Chevrolet C10 za miaka ya 1970, hiyo hutolewa ikiwa garini, na ndiyo yenye hatari zaidi. Aina ya tatu ni ya ekseli nzima ya mbele iliyokaa chini ya springi mbili, kama Land Cruiser 79 tangu 1999. Kwa hizo kazi ni nyepesi: chesisi inabebwa na stendi, shokapu zinafunguliwa chini, ekseli inashushwa taratibu kwa jeki, na springi inabaki karibu kulegea yenyewe.

Na kuna watakaochungulia wasione springi ya kuzunguka hata moja. Nissan D22, kwa mfano, mbele ina fimbo ndefu ya chuma iliyolala kando ya chesisi ambayo hufanya kazi kwa kujipinda. Kama ndivyo, usiagize kitu. Pua ya gari lako hupandishwa kwa bolti ya kurekebishia fimbo hiyo.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha springi ndiyo yenye kosa. Egesha mahali tambarare, bila mzigo, upime kutoka katikati ya haba, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, uandike kwenye karatasi. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Gari likiwa limelalia upande mmoja, kosa linaweza kuwa la nyuma. Weka kabari kwenye matairi ya mbele, inua nyuma kwa jeki moja iliyokaa katikati kabisa ya ekseli mpaka matairi yaache ardhi kidogo, kisha simama mbali utazame pua. Sasa ulalo wa gari unaamuliwa na springi za mbele peke yake. Likinyooka, kazague springi bapa za nyuma.

Springi iliyovunjika nayo hujificha. Huvunjika mara nyingi kwenye mzunguko wa mwisho wa chini, pale maji na mchanga vinapokusanyika na rangi kutoka, na kipande hubaki kimelala kwenye kikombe chake, yaani kiti cha springi, kana kwamba hakuna kitu. Pikapu yangu iliwahi kulia "kang!" kila nikikata kona polepole. Nilibadilisha linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) zote mbili, ikaendelea kulia. Siku nilipopitisha kidole kwenye kikombe cha chini ndipo nikagusa ncha kali ya chuma kilichokatika, na kidole kikatoka na damu pamoja na jibu.

Sasa nguvu. Hapa naomba usome bila haraka. Chukua springi ambayo kila milimita ya kuibana inadai nyutoni 100. Ibane sentimita 15, nayo itasukuma kwa nyutoni 15,000, yaani kama uzito wa tani moja na nusu. Nishati iliyolala humo ni zaidi ya juli 1,100, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukidondoka kutoka mita mbili na ushee. Tofauti ni kwamba mfuko unadondoka kwenda chini, mahali unapopajua.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe uwe umeshajibu swali moja kwa sauti: nikifungua nati hii, ni kitu gani kitaizuia springi? Kwenye springi iliyovaliwa na shokapu, tazama juu ya mnara, pale shokapu inaposhikwa na chesisi. Zile nati za pembeni huachia tu chesisi. Ile ya katikati, iliyo kwenye ncha ya fimbo ya shokapu, ndiyo iliyoibana springi nzima. Ukiigusa ya katikati kabla kibanio (kifaa cha kuibana springi) hakijaikamata springi, sahani ya juu inaruka na chochote kilicho juu yake, uso wako ukiwemo. Mimi hiyo nati naipaka rangi nyekundu kwa makapeni kabla ya kuanza, ingawa naijua. Saa sita za kazi na jua la utosini humsahaulisha mtu anachokijua.

Kwenye springi iliyo peke yake, kinachoizuia ni mkono wa chini, na mkono wenyewe unashikwa na boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kilicho upande wa gurudumu. Ukiachanisha boljointi bila jeki chini ya mkono, springi inaupiga mkono chini na yenyewe inatoka. Uwe na jeki iliyokaa sawasawa chini ya mkono, uwe na mnyororo uliopitishwa ndani ya springi na kufungwa kwenye chesisi, ukiwa na ulegevu wa kutosha kuiacha ifunguke lakini isiruke, na uwe na kibanio cha ndani kinachopita kwenye tundu la shokapu. Vile vibanio vya ndoano mbili vya nje havienei humo.

Kuhusu vibanio: usikope kilichopinda au chenye meno yaliyolika. Nyuzi zake zipakwe grisi, ndoano zikae pande mbili zinazotazamana na zikamate mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, na ukaze kwa spana ya mkono, mizunguko michache huku kisha michache kule. Mashine ya kufungulia nati huzichemsha zile nyuzi na kuzilarua bila kukupa dalili. Bana mpaka springi icheze kwenye sahani, basi. Na muda wote huo kichwa na mikono visiwe kwenye mstari wa miisho ya springi. Kama unachokiona ni kibanio chembamba na springi nene, peleka shokapu na springi zake karakana yenye mashine ya kubania. Kutoa na kurudisha garini utafanya mwenyewe, na mwenye mashine atamaliza yake kwa dakika chache. Sioni aibu yoyote hapo. Ndivyo ninavyofanya siku hizi.

Mahali pa kazi pawe pagumu na pamenyooka. Mchanga haufai, na lami iliyolainishwa na jua humeza miguu ya stendi, basi weka kipande cha mbao pana chini yake. Stendi ziwe mbili, za uzito unaotosha, zikae chini ya chesisi na si chini ya mkono unaotaka kuuachia. Matofali hupasuka bila kuaga. Yasiwe sehemu ya mpango. Kabari zikae mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, handibreki ivutwe, na gari likishakaa kwenye stendi lisukume kwa nguvu kwa bega. Kama litaanguka, lianguke ukiwa umesimama pembeni. Uwe na mtu wa pili, hata asiyejua chochote cha magari, mradi anajua jeki inashushwa vipi na simu iko wapi.

Springi mpya zinunuliwe mbili, kwa kuwa ya zamani iliyobaki imechoka kwa umri uleule na gari litalala upande. Sasa jihadhari na kununua kwa macho. Niliwahi kuuziwa jozi iliyolingana kabisa na zangu kwa urefu na upana, nikaridhika. Nilipoipima kwa vernia, kipimo cha unene, waya wake ulikuwa milimita 16 na wangu 15. Milimita moja, nani anajali? Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, kwa hiyo ile jozi ilikuwa ngumu karibu asilimia 30 zaidi, kwa idadi ileile ya mizunguko. Gari lingeruka kama mbuzi. Agiza kwa namba ya chesisi, linganisha alama za rangi zilizopakwa kwenye mizunguko, na uulize kama ya kushoto na ya kulia ni moja. Kwenye baadhi ya pikapu zinatofautiana. Urefu wa springi iliyolala mezani nao haukuambii pua itapanda kiasi gani. Springi iliyokaa katikati ya mkono husogea kidogo kuliko gurudumu, hivyo sentimita moja kwenye springi yaweza kuwa karibu mbili kwenye madigadi.

Katika agizo hilohilo ongeza raba za juu na chini za springi, raba ya kugongea, kotapini (pini za kuzuia nati isilegee) mpya na nati mpya za kujifunga. Shokapu zikiwa zinavuja, zibadilishe sasa, kwa sababu kazi ya kuzifikia umeshaifanya.

Jioni mbili kabla, sugua bolti zote kwa brashi ya waya na uzipulizie mafuta ya kulegeza kutu, kisha rudia kesho yake. Ile inayopita kwenye bushi (bomba lenye raba) ya mkono wa chini ndiyo msumbufu mkuu: nati inafunguka vizuri, unafurahi, halafu bolti inagoma kutoka kwa kuwa imeshikana na bomba la ndani ya bushi. Kama gari ni la sehemu yenye chumvi au matope mengi, kuwa na bolti ya akiba na msumeno wa chuma kabla hujahitaji. Na kama bolti hiyo ina washa yenye mstari na namba pembeni, ni ya kurekebishia mlalo wa matairi. Chora alama ya rangi ipite juu ya washa na chesisi kabla ya kuigusa.

Jua pia vitu vitakavyoning'inia. Kalipa, ile inayobana diski ya breki, ifungwe kwa waya kwenye chesisi, isibebwe na hozi ya breki. Waya wa ABS (breki zisizofunga tairi) uchomolewe kwenye vishikizo vyake mapema, maana ni mfupi kuliko unavyodhani. Kwenye pikapu inayovuta magurudumu manne, nako (chuma kinachobeba haba) ikilala nje sana huivuta shafti hadi viungo vyake vya ndani vikaachana na raba ikachanika. Linki za stabilaiza zifunguliwe pande zote mbili, la sivyo upande usioushughulikia utaushikilia huu unaoushughulikia. Kwa boljointi, acha nati kwenye nyuzi chache na uigonge nako yenyewe ubavuni kwa nyundo nzito. Ule uma wa kupigilia hufanya haraka lakini hula raba.

Piga picha kabla ya kufungua, hasa mwisho wa springi umekaa wapi kwenye kikombe. Mwisho huo una mahali pake pa kuegemea, na springi iliyokaa robo mzunguko pembeni itajiseti yenyewe barabarani kwa mshindo, na gari litabadilika urefu. Fanya upande mmoja kwanza hadi mwisho, ili ule mwingine ubaki kuwa ramani yako. Viwango vya torki (nguvu ya kukazia nati) viandikwe ukutani au kwenye kadi kutoka kitabu cha gari hilo hilo, na spana ya torki iwe tayari.

Kuna ukazaji mmoja wa kupangia mapema: bolti za bushi za raba hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limebeba uzito wake kwenye matairi. Ukizikaza mkono ukiwa unaning'inia, raba inabaki imesokotwa kila siku ya maisha yake, na haitaishi sana. Fikiria utaingiaje chini na spana gari likiwa limeshuka. Wengine hulipandisha kwenye mbao nne pana, moja kila tairi.

Panga na mwenye mashine ya alaimenti, ya kunyoosha matairi, kabla ya kuanza, kwa kuwa pua ikipanda matairi hubadili mlalo na uelekeo, na tairi jipya linaweza kulika upande mmoja ndani ya muda mfupi. Taa za mbele nazo zitakuwa zinawachoma macho wanaokuja, zishushwe. Tenga siku mbili hata kama unaamini ni ya nusu siku, na usiegeshe mbele ya geti la mtu, kwani bolti moja iliyokatika Jumapili jioni inaweza kuliacha gari hapo hadi Jumatano.

Ile karatasi ya vipimo usiitupe. Baada ya siku kadhaa za kuendesha, springi zikishatulia, pima tena pale pale, matairi yakiwa yameangalia mbele, uandike namba mpya kando ya zile za zamani, kisha ukaguse nati zote kwa spana ya torki mara nyingine.