TASAF, mkopo wa halmashauri na mbolea ya ruzuku: jinsi ya kulinda jina lako, na namna ya kuripoti wakikuibia

Nina steshenari hapa Moshi, sio mbali na soko la Mbuyuni. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua na kujaza fomu, kwahiyo karatasi nyingi za hela za serikali zinapita mezani kwangu kabla hazijafika ofisini, na malalamiko yake yanarudi hapo hapo. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mtu anakuja kuchapa barua wakati hela imeshaliwa miezi minane iliyopita, na hana hata kikaratasi kimoja cha kuonyesha.

Cha kwanza kijue hiki: anayekula hela yako ya msaada mara nyingi hatoki mbali. Anakujua, mnasalimiana, mkifiwa anakuja na kiti chake. Na hachukui yote, anachukua kidogo, ya soda, ya usafiri, ya kalamu, ndo maana watu wananyamaza wanaona aibu kugombana na jirani kwa elfu tano. Lakini elfu tano mara kaya sitini za mtaa mmoja ni laki tatu, kwa siku moja ya malipo. Huyu mtu havunji mlango, anatumia jina lako, sahihi yako, dole gumba lako na laini yako. Kwahiyo hivo vinne ndo vya kulinda.

TASAF

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, upo tangu 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule unaozipa kaya ruzuku ya hela, ulianza 2012. Kaya inaingiaje: wananchi kwenye mkutano wanataja kaya zenye hali ngumu zaidi, zinajaziwa dodoso, taarifa zinachakatwa, alafu majina yanarudi mkutanoni yanasomwa watu wayathibitishe. Huo mkutano wa kusoma majina ndo kinga kubwa kuliko zote, na ndo ambao watu hawaendi, wanasema mi sio maskini hainihusu. Inakuhusu. Nenda ukasikilize. Likisomwa jina la marehemu, au kaya ambayo hakuna anayeijua, au kaya ya shemeji wa kiongozi mwenye nyumba ya tofali na bodaboda mbili barabarani, nyoosha mkono hapo hapo na uombe hoja yako iandikwe kwenye muhtasari. Uhakiki wa 2016 uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizo na sifa nchi nzima, na kila jina la uongo linalokaa kwenye orodha linamkalia mtu wa kweli aliyebaki nje.

Na tuambiane ukweli, kuna wizi wa ndani ya familia pia. Bibi akifariki watoto wanakaa kimya waendelee kupokea. Hiyo nayo ni udanganyifu, hata kama kaya bado ina shida. Toeni taarifa kwa kamati ya jamii na mtendaji, kaya huwa inaandikisha mtu wa pili wa kupokea, na kama hayupo ombeni utaratibu wa kubadilisha jina. Ukinyamaza unajiweka pabaya wewe, maana sahihi inayowekwa hapo ni ya kughushi.

Sasa siku ya malipo. Kuna bibi mmoja wa huku tambarare huwa anakuja kwangu kupumzika akitoka kupokea. Siku hiyo nikamwamkia, "Shikamoo bibi", akaitika, akafungua pindo la kanga akatoa noti ili nimhesabie, maana macho hayaoni vizuri. Zilikuwa elfu thelathini na sita. Nikamuuliza, pale kwenye karatasi palikuwa pameandikwa ngapi? Akanionyesha dole gumba, bado lina wino wa bluu, akasema, "Sijui mwanangu, niliambiwa weka dole." Nikamwambia bibi, safari ijayo nenda na yule mjukuu wako wa darasa la sita, asimame pembeni yako asome kabla hujaweka dole. Baada ya miezi miwili wakaenda wote. Mtoto akasoma kwa sauti kama yuko darasani, "Bibi, hapa imeandikwa elfu arobaini na nne." Aliyekuwa anahesabu hela akazirudia, akaongeza elfu nane, akasema samahani. Hakuna aliyegombana. Mpaka leo bibi haendi bila yule mtoto, na mabibi wengine wawili wanamwazima.

Kwahiyo fanya hivo hivo: msomaji kwanza, hela pili, dole mwisho. Hesabu ukiwa bado mezani, usiondoke ukahesabie nyumbani. Na andika kwenye daftari tarehe, kiasi kilichoandikwa, kiasi ulichopewa na jina la aliyekupa. Daftari la shilingi mia tano linatosha miaka kumi.

Kuhusu makato. Utaambiwa kuna mchango wa darasa, wa zahanati, wa bima ya afya. Hayo yanaweza kuwa mambo mazuri kabisa, ila mchango unautoa mwenyewe ukishapokea hela yako yote, kwa hiari, na unapewa risiti. Ukikatwa juu kwa juu na hamna risiti, hiyo iandike kwenye daftari kama wizi mpaka mtu akuonyeshe karatasi. Kama ruzuku imepungua kweli kwa sababu ya masharti, mfano mtoto hajafikisha mahudhurio ya asilimia 80 shuleni, mwambie akuonyeshe ni mtoto gani na mwezi gani, alafu nenda na daftari la shule ukahakikishe kwa mwalimu.

Wanaolipwa kwa simu, hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Piga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, yaani kitambulisho cha taifa, ukikuta namba usiyoijua nenda duka la huo mtandao wakaifute. Wakala wa kutolea hela hahitaji namba yako ya siri, unaibonyeza wewe. Najua wazee wengi wanampa wakala simu na namba ya siri vyote pamoja wanasema nitolee zote mwanangu, na wakala wengi ni waaminifu kabisa, lakini asiye mwaminifu atakurudishia simu meseji imeshafutwa. Kama mzee hawezi kabisa, familia ichague mtu mmoja tu ajulikane ni nani, na meseji za malipo zisifutwe.

Alafu kuna matapeli wa meseji. Mpango ukiwa kati ya awamu moja na nyingine, watu wanasubiri kusikia uandikishaji, hapo ndo wanaingia: umechaguliwa, tuma 15,000 ya usajili. Kuandikishwa hakulipiwi, hata shilingi. Ni ndugu yake na ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba ya tapeli itume kwenda 15040, hiyo ni ya kuripoti matapeli wa simu, na usimjibu.

Mkopo wa asilimia kumi

Hapa ndo naona mengi kuliko kokote. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni hayarudi na vikundi vingine havipo, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Utaratibu ni mpya, ila njia ya kuazima majina nimeiona kwa macho yangu.

Inakuwa hivi. Mtu mwenye maneno mazuri anakufuata, dada, tunaunda kikundi tumebakiza mtu mmoja, lete kopi ya NIDA na picha mbili za pasipoti, ukitoka mkopo nakupa elfu hamsini. Hujawahi kukaa kikao hata kimoja, hujui akaunti ipo benki gani. Elfu hamsini unapewa kweli. Baada ya mwaka afisa maendeleo ya jamii anakuja mlangoni kudai marejesho, na jina kwenye mkataba ni lako. Nimemchapia barua mama wa hivo akilia kwenye kiti changu, anauza ndizi, anadaiwa mamilioni ambayo hajawahi kuyaona. Niliangalia fomu waliyompa kopi, sahihi tano za watu watano, na herufi "g" zote zimepinda mkia upande ule ule.

Kwahiyo usitoe NIDA yako kwa kikundi ambacho hujakaa nacho. Ukitoa kopi, chora mistari miwili juu ya kopi na uandike katikati "kwa maombi ya mkopo wa kikundi fulani tu" na tarehe. Mi huwa nawaandikia wateja wangu bure, inachukua dakika moja na hiyo kopi haitumiki tena kwingine kirahisi. Usiache kopi iliyoharibika kwenye mashine ya steshenari, ichane uondoke nayo, maana hata tarehe yako ya kuzaliwa imo kwenye tarakimu nane za mwanzo za ile namba. Kabla ya kusaini omba kuona katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichokupokea na taarifa ya benki. Na akitokea wa kusema toeni asilimia fulani ili jina lipite, hapo ameomba rushwa, iite hivo hivo.

Kama umeshaingia kwenye mtego, usisubiri deni likomae. Andika sasa hivi kwa mkurugenzi wa halmashauri kwamba hukushiriki na hukupokea mkopo, upate mhuri wa kupokelewa. Zile elfu hamsini zitaje. Ukizificha zitakuja kukuchafua baadaye.

Mbolea

Nipite haraka. Tangu 2022 mkulima anasajiliwa kijijini, anapata namba, na wakala anauza kwa bei ya ruzuku kwa kutumia namba hiyo. Msimu wa kwanza mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulishuka mpaka 70,000, kwahiyo unaona mwenyewe kuna faida kiasi gani kwa mtu atakayepata namba za wengine. Usimpe wala kumuuzia mtu namba yako, taja ekari ulizonazo kweli, na ukiambiwa mgao wako umeshachukuliwa mwambie wakala akusomee lini na duka gani, uandike.

Kabla hujaripoti

Uliza kwanza. Sio kila hela iliyochelewa imeibiwa. Wazee wa jembe alama za vidole zimefutika mashine haizisomi, jina la NIDA linasomeka Aisha na la TASAF Asha, mtandao unakata. Muulize mtendaji au kamati kwa upole, mpe nafasi ya kukuonyesha karatasi. Akikuonyesha mmemalizana, akikufokea au kukuzungusha mara tatu, hapo sasa una kesi.

Barua nyingi zinazokuja kwangu zimeandikwa kwa hasira, "huyu ni mwizi anajulikana, anatunyanyasa wanyonge, serikali imchukulie hatua". Nazielewa kabisa. Lakini ofisa hawezi kuanzia hapo. Mi nazibadilisha zinakuwa: tarehe fulani, saa nne asubuhi, ofisi ya mtaa, karatasi ilionyesha 44,000, nilipewa 36,000, aliyenipa ni fulani, waliokuwepo ni fulani na fulani, nimeambatanisha kopi ya kadi na ukurasa wa daftari. Mistari sita inatosha. Uliyosikia kwa watu yaandike kuwa umeyasikia, uliyoyaona yaandike kuwa umeyaona, usiyachanganye.

Pa kupeleka. Ya TASAF inaanzia kwa kamati na mtendaji, isipokuwa kama wao ndo unaowalalamikia, hapo ruka nenda kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Hapa Moshi watu wanapotea sana: wa Njoro, Pasua, Rau ni Manispaa, wa Mabogini, Kibosho, Uru ni Halmashauri ya Wilaya, ni ofisi mbili tofauti. Ukipeleka kwingine barua inalala. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri urudi nayo.

Kukiwa na kuombwa hela, kughushi sahihi au kikundi hewa, piga TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Na kama umeombwa hela na bado hujatoa, piga KABLA hujatoa, wao ndo wanajua kuandaa mtego, usijaribu kurekodi na kukamata mwenyewe. Unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina lako, na ipo sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inawalinda wanaosema kwa nia njema. Kitu usichotakiwa kufanya ni kumwanika mtu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Jioni hiyo hiyo daftari linapotea ofisini, na wewe unageuziwa kesi ya mtandao.

Wanaoogopa peke yao waende wengi. Mwaka juzi wamama saba waliandika barua moja, kila mmoja na kiasi chake na tarehe yake, wakaipeleka pamoja wakiwa wamekaa kwenye benchi moja la ofisi mpaka ikapokelewa. Andika jina la aliyeipokea, rudi baada ya wiki mbili uulize imefikia wapi, ukikuta haijasogea panda ngazi moja ukiwa na ile nakala yenye mhuri. Na kama huna hela ya kuchapa, ya mkono inapokelewa vile vile, andika kwa herufi zinazosomeka na uweke namba ya simu ambayo huwa haizimwi.