Kuchapa Kihisi Joto Kidogo kwa Wino wa Chembe Nano za Fedha

Madini ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, joto lisilostahimiliwa na plastiki yoyote, lakini yakiwa chembe za makumi machache ya nanomita huanza kushikana kwenye nyuzi 150 hivi, kwa kuwa sehemu ya atomi zake iliyo usoni, ambako husogea kwa urahisi, ni kubwa kuliko katika kipande kizima cha fedha. Ndiyo maana tunaweza kuchapa kihisi joto juu ya utando mwembamba wa poliimidi, plastiki inayostahimili joto.

Safisha utando kwa alkoholi ya isopropili na usiuguse tena kwa vidole, kwani mahali penye mafuta wino hujikusanya mithili ya maji juu ya jani la myugwa. Ukiwa umevaa glovu, tikisa wino, kisha uupitishe kwenye chujio la mikromita 0.45, maana chembe zilizogandamana huziba tundu la printa. Mabaki usiyamwage kwenye sinki, kwa sababu fedha hudhuru viumbe wa majini.

Chora mstari mmoja unaokwenda na kurudi kama nyoka, ili upate urefu mkubwa katika eneo dogo. Ikiwa tone moja hutandaa kwa upana wa mikromita 50, acha mikromita 25 kati ya kitovu cha tone na cha lile linalofuata.

Kazi nyingi, kwa maoni yangu, huharibikia kwenye kukausha. Pembezoni mwa tone hukauka upesi, hivyo wino hutiririka kutoka katikati ukibeba chembe hadi ukingoni, na mstari hubaki na kingo nene na tumbo tupu, kama doa la kahawa. Tumia wino wenye kiyeyushi cha pili kinachokauka polepole, wala usipashe kitanda cha printa kupita kiasi.

Halafu oka. Kila chembe imevikwa ngozi ya kikaboni inayopaswa kutoka kabla chembe hazijagusana. Ukipandisha joto ghafla, mvuke wake hunaswa ndani na mstari hupasuka. Anzia nyuzi 60, panda taratibu hadi 150, ukae hapo kwa saa moja, na utaona rangi ya kahawia iliyofifia ikigeuka kuwa mng'ao wa fedha.

Pima ukinzani, yaani jinsi mstari unavyozuia umeme kupita, kwa multimita. Ukinzani wa fedha halisi huongezeka kwa takriban asilimia 0.38 kwa kila nyuzi moja, ila mstari uliochapwa huwa chini ya hapo, kwa hiyo linganisha kihisi chako na kipimajoto cha kuaminika, kwanza kwenye barafu inayoyeyuka, kisha kwenye viwango vingine vitatu au vinne vya joto.