Mbwa mdogo anayerukaruka kwa miguu mitatu

Mbwa wa aina ndogo, kama vile Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier, akikunja mguu wa nyuma ghafla anapokimbia, akaruka hatua chache kwa miguu mitatu, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, usilipuuze jambo hilo, kwa kuwa mara nyingi huwa ni pia ya goti (kifupa kilicho mbele ya goti) iliyochomoka kwenye mfereji wake na kurudi yenyewe. Daktari wa mifugo hulipima tatizo hili kwa daraja 1 hadi 4. Madaraja ya chini, mbwa asipokuwa na maumivu, kwa kawaida huangaliwa bila upasuaji.

Nyumbani, jambo lenye uzito kuliko yote ni kumpunguza unene, maana hata nusu kilo ya ziada ni mzigo mkubwa kwa mbwa wa kilo 3. Mbavu zake zihisike kwa urahisi unapompapasa. Tandika mkeka au zulia lisiloteleza kwenye sakafu laini, umzuie kuruka kutoka kwenye kochi, na umtembeze kwa kamba, matembezi mafupi ya kila siku, ili misuli ya paja ibaki imara.

Tafadhali usimpe kamwe ibuprofeni wala paracetamoli yako, kwani dawa hizo zinaweza kumuua. Akigoma kabisa kuukanyagia mguu huo, mpeleke kwa daktari bila kukawia, kwa sababu huenda kano ya ndani ya goti imekatika.