Ukikosolewa Mbele ya Watu: Namna ya Kushuka

Nimefundisha kwaya ya usharika wetu hapa Bukoba kwa miaka 14, na kilichonifunua kiburi changu kilikuwa nota moja. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Pasaka. Katika mazoezi ya Alhamisi, binti mmoja wa sauti ya kwanza alinyoosha mkono: "Samahani mwalimu, ubeti wa pili umeandika fa kwa sauti ya pili, lakini kwenye nakala ya zamani ni mi." Alikuwa na miaka 19, na alikuwa sahihi. Niliinakili vibaya ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamjibu mbele ya wanakwaya wote: "Wewe umeanza kuimba lini?"

Kimya. Tukaendelea na fa ile hadi asubuhi ya Pasaka yenyewe, na kila tulipofika pale nilizisikia sauti zikigongana. Binti hakuonekana tena mazoezini.

Nawaandikia wenzangu wenye dhamana ndogo kanisani: mwalimu wa kwaya, mzee wa kanisa, mhazini, kiongozi wa maombi. Kiburi chetu hakivai taji. Kinavaa joho lililopigwa pasi, tena kinasema "Bwana asifiwe" kwa sauti nzuri kabisa.

Ukikosolewa, sema maneno machache tu: "Asante, hebu tuangalie." Kisha angalia kweli. Fungua nakala, hesabu fedha upya, soma tena muhtasari wa kikao. Kama ulikuwa sahihi itaonekana bila wewe kupaza sauti. Hatari iko katika ile pumzi ya kwanza, maana moyo unatafuta umri wako, miaka yako ya utumishi, chuo ulichosoma, chochote cha kumrushia aliyesema. Ukiona ulimi umeanza "mimi tangu mwaka...", uuzuie hapo hapo.

Wala usingoje mpaka ujisikie mnyenyekevu. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu. Niliomba Mungu anipe moyo wa unyenyekevu, nikawa naungoja ushuke kama mvua ya masika. Lakini ukisoma Luka 14, Yesu hamwambii mwalikwa ajisikie mdogo. Anamwambia aende akaketi mahali pa nyuma. Katika Yohana 13 anainuka chakulani, anaweka kando mavazi yake, anajifunga kitambaa, anatia maji katika bakuli, anawaosha wanafunzi miguu. Ni kazi ya mikono na magoti.

Tena msome Naamani polepole, 2 Wafalme 5. Jemadari wa Shamu, mtu mkuu, na ngozi yake ina ukoma. Habari ya kuponywa kwake inaanzia kwa kijakazi aliyetekwa vitani, mtoto asiyetajwa hata jina. Nabii Elisha hatoki nje kumlaki. Anatuma mtu amwambie akaoge Yordani. Naamani anakasirika, anataja mito ya kwao Dameski, Abana na Farpari, kwamba ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Wanaomrudisha ni watumishi wake. Ndipo akashuka, akajichovya mara saba. Mimi huwa nawaza ile mara ya tatu na ya nne, mtu mzima analowa mbele ya askari wake na ngozi bado ni ile ile. Unyenyekevu wake ulikuwa kuendelea kuingia majini.

Sasa kuomba msamaha. Nilikwenda kwa yule binti Jumamosi jioni, baada ya Pasaka. Mama yake alikuwa uani akipepeta maharage. Nikasema: "Nisamehe mwanangu, lakini ungeniita pembeni ukaniambia." Mama akaacha ungo, akanitazama. "Mwalimu, umekuja kuomba msamaha au kudai?"

Basi chukua hilo kutoka kwake: msamaha usiwe na "lakini". Taja kosa kwa jina lake. Usiseme "kama nilikukwaza", sema "nilikudhalilisha mbele ya wenzako, na wewe ulikuwa umesema kweli." Halafu nyamaza, usimshurutishe akujibu saa ile ile. Na kosa ulilolifanya hadharani ulitubie hadharani. Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya, nikafuta fa, nikaandika mi, nikawaeleza ni nani aliyeiona na nilimjibu nini. Magoti yalinitetemeka.

Bibi yangu asingeshangaa. Alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika huku kwetu, ambao watu wake husalimiana kwa kuimba "Tukutendereza Yesu", yaani kwa Kiganda "Tunakusifu Yesu". Ndugu hao walikuwa wakitubu kwa kutaja dhambi na kurudisha vitu. Bibi alirudisha jembe la jirani alilokaa nalo miaka, akalibeba begani mchana kweupe kupita katikati ya migomba ya watu. Lakini alinionya pia kwamba hata toba yaweza kugeuka mashindano, mtu akapanda madhabahuni kuisimulia ili asifiwe kwa kujishusha. Alisema ukishakiri na ukasamehewa, kaa chini, mwache Yesu ndiye atajwe.

Jambo moja nalisema kwa uchungu, maana nimeona likitumiwa vibaya. Kunyenyekea si kunyamazia uovu. Mke anayepigwa asiambiwe "nyenyekea tu", na mhazini anayeona fedha za sadaka zinapotea asifunge mdomo kwa kisingizio cha upole. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza wazi, kama nimesema vema, wanipigia nini? Hakurudisha kofi, wala hakulikubali kuwa haki.

Kwa siku za kawaida, jipangie kazi isiyo na jina. Mimi hufika mapema kupanga mabenchi, na muhula huu naimba sauti ya nne huku kijana mwingine akiongoza. Akinikosoa, naandika kwa penseli pembeni ya nota.

Na kabla ya Meza ya Bwana, kaa Jumamosi ujiulize ni nani uliyemjibu vibaya wiki hii. Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu uende kwanza ukapatane naye. Kama yuko mbali, mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, maana ujumbe unakuficha uso. Kama ni jirani, nenda kwa miguu kabla giza halijaingia.