SOMO: Kubandika kitambaa cha kaboni kwenye bimu na nguzo bila kuja kubanduka

Wakuu, habari za kazi. Nazungumzia kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachobandikwa kwa gundi ya epoksi ili kuimarisha bimu na nguzo za zege. Kila mara napokea ujumbe uleule: "Kitambaa kimebanduka, nitumie gundi gani?" Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu. Gundi ya epoksi kwa kawaida ina nguvu kuliko zege inalobandikwa. Kinachoachia ni ngozi ya juu ya zege, kwa sababu haikuandaliwa.

1. Hesabu kwanza. Zifanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwongozo wa Marekani wa ACI 440.2R unataka bimu, hata kitambaa kikitoka chote, iweze kubeba mara 1.1 ya uzito wa kudumu (jengo lenyewe) pamoja na asilimia 75 ya mzigo wa matumizi (watu na vitu). Kama haifiki hapo, kitambaa si dawa yake.

2. Toa lipu na rangi yote.

3. Gonga kwa nyundo. Panapotoa mlio mtupu, chimbua mpaka zege zima. Sisi wa pwani tuna chumvi, kwa hiyo nondo yenye kutu isafishwe na zege lirudishiwe kabla ya kitu kingine. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na ikiendelea ndani itapasua zege na kusukuma kitambaa nje.

4. Ufa unaozidi milimita 0.3 ujazwe epoksi kwa mgandamizo.

5. Grenda. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa, nawaomba msome polepole. Juu ya kila zege kuna utando laini wa saruji uliopanda na maji siku ya kumwaga. Ukiutazama unaonekana imara, lakini hauna nguvu. Saga mpaka uone kokoto zenyewe. Niliwahi kuitwa kukagua kazi ya watu kwenye jengo moja katikati ya jiji. Mkanda wa kitambaa ulikuwa unaning'inia kwenye bimu. Nikaugeuza, na mgongoni kote umeshika unga wa kijivu, na kwenye ncha moja bado kuna rangi ya zamani yenye alama za brashi. Gundi ilikuwa imeng'ang'ania vizuri kabisa, ila ilishika rangi na unga.

Pembe za nguzo zisagwe ziwe mviringo, nusu kipenyo kisipungue milimita 13, la sivyo nyuzi zitakatikia hapo. Vumbi litolewe kwa mashine ya kufyonza. Kompresa inayotema mafuta ni marufuku. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, rudia. Kisha fanya kipimo cha kuvuta: bandika sahani ndogo ya chuma, ivute mpaka ing'oke. Inatakiwa ifike angalau N 1.4 kwa milimita ya mraba, na iondoke na zege. Ikitoka safi, gundi haikushika.

6. Umande. Uso wa zege uwe na joto linalozidi la umande (lile ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji) kwa nyuzi joto 3 au zaidi. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, hali ya kawaida kwetu kuelekea masika, umande unaanza karibu nyuzi 26. Slabu iliyo chini ya tangi la maji inaweza kuwa baridi kuliko hapo. Pima, usikisie kwa mkono.

7. Praima, puti kwenye mashimo, gundi, kitambaa, rola kufuata uelekeo wa nyuzi. Sehemu mbili za gundi zinazochanganywa, A na B, zipimwe kwa mizani.

8. Ikishakauka, gonga kwa sarafu. Uwazi chini ya kitambaa usiofika milimita za mraba 1,300 unavumilika ukiwa mmoja mmoja; unaozidi 16,000 unakatwa na kubandikwa upya. Kazi ya nje ipakwe rangi ya kuzuia jua.

MASWALI

Jirani wa Tandika: Mkuu, kwa hiyo nikibandika naweza kuongeza ghorofa mbili juu?

Mwandishi: Hapana. Msingi wako haujabandikwa kitu. Tuliyoyaona Kariakoo Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka, yanatosha. Tafuta mhandisi.

Pwani Kigamboni: Nondo zangu zimeota kutu, zege linadondoka. Nafunika tu na kitambaa, sivyo?

Mwandishi: Soma hatua ya 3.

Mama Ghorofa: Samahani kaka, kwa nini nguzo ya duara inasemekana inafaidika zaidi kuliko ya mraba?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Nguzo ikielemewa, inataka kutanuka ubavuni. Kwenye duara kitambaa kinaibana sawasawa pande zote. Kwenye mraba, pembe ndizo zinazobanwa, katikati ya ubavu kitambaa ni bapa na kinajipinda kwenda nje. Ndiyo maana tunaviringisha pembe: kadiri zilivyo duara, ndivyo zege kubwa zaidi linavyobanwa.

Mama Ghorofa: Na moto je? Chini kuna mgahawa.

Mwandishi: Epoksi nyingi hulainika kati ya nyuzi 60 na 82, kwa hiyo moto ukiwaka usihesabu kitambaa. Sharti la hatua ya 1 linakulinda kitambaa kikipotea. Mwambie mhandisi wako kuhusu mgahawa ili akague nguvu ya jengo wakati wa moto bila kitambaa.

Nondo_16: Gundi yangu inagandia ndooni, hadi inatoa moshi.

Mwandishi: Ikichanganywa hutoa joto lake yenyewe, na ikirundikana ndooni joto halina pa kwenda. Changanya kidogo, mwaga kwenye trei pana. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kuifanyia kazi hupungua karibu nusu. Anza alasiri, zege likianza kupoa: hewa ya kwenye vitundu inanywea na kuvuta praima ndani. Asubuhi zege likipata joto, hewa inatoka na kupuliza mapovu. Ila umande upime tena kabla ya jioni.

Nondo_16: Shukrani mkuu. Na diski ya grenda?

Mwandishi: Ya almasi, ile ya kikombe. Bapa ya kukatia inachora mifereji. Na kitambaa usikikunje, kizungushe kwenye bomba, nyuzi zikivunjika hazirudi. Vaeni barakoa, na vumbi la kaboni lisikaribie soketi wala drili, linapitisha umeme.