Somo: Breki Isiyoachia, na Namna ya Kutafuta Mahali Mafuta Yalipozibwa

Nimeandika somo hili kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: gari linavuta upande mmoja, rimu moja inachemka kuliko nyingine, harufu ya pedi zilizoungua inaingia ndani, na mwenye gari ameshaambiwa anunue kalipa mpya (kalipa ni kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Mara nyingine kalipa haina kosa. Njia ya mafuta ya breki ikiziba kidogo, mafuta yanaweza kwenda yasiweze kurudi, kwa kuwa mguu wa dereva ukisaidiwa na busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya pedali, unayasukuma kwa nguvu kubwa, ilhali kinachoirudisha pistoni ya kalipa ni mnyumbuko mdogo tu wa raba inayoizunguka.

Tofautisha kwanza mambo mawili. Tairi ambalo mafuta hayalifikii kabisa halishiki, kwa hiyo ukikanyaga breki gari huvuta upande wa pili. Tairi ambalo mafuta yamenaswa kwenye kalipa yake haliachii, na gari huendelea kuvuta upande huo huo hata baada ya kuondoa mguu. Somo hili linahusu tatizo la pili.

Hatua ya 1. Paki mahali tambarare, weka kabari, inua gari na uliegemeze kwenye stendi; usifanye kazi hii gari likiwa juu ya jeki pekee.

Hatua ya 2. Weka gia huru, achia breki ya mkono, mwambie msaidizi akanyage pedali mara kadhaa kisha aiachie, nawe uzungushe tairi kwa mkono.

Hatua ya 3. Rudia kwa matairi yote manne, hata kama unahisi moja tu. Magari mengi madogo yanayovutwa na matairi ya mbele yamegawanywa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia hutumia njia moja, na mengine mawili njia nyingine.

Hatua ya 4. Hakikisha tairi linakamata wakati unapopima. Likizunguka kwa wepesi, liendeshe gari mpaka tatizo lijitokeze, kisha urudi, ukijihadhari na diski yenye moto.

Hatua ya 5. Anza juu, ushuke chini. Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapowaomba msome polepole. Miaka iliyopita nilikwenda moja kwa moja kwenye nipo, skrubu ndogo ya kalipa ya kutolea upepo, nikaifungua, mafuta yakaruka, tairi likalegea, nami nikaamini kwamba hosi, yaani bomba la mpira linalofikisha mafuta kwenye kalipa, imeziba. Nilibadilisha hosi zote mbili za mbele. Siku ya nne, nikiteremka mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, breki zilikamata tena, mafuta yakachemka, na pedali ikazama mpaka sakafuni. Nilisimama kwa gia ya kwanza na breki ya mkono. Kosa lilikuwa ndani ya masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ambamo raba iliyovimba ilifunika kitundu kidogo kinachoyarudisha mafuta kwenye kikopo chake. Sikuwa nimepima tairi la nyuma la mshazari, ambalo bila shaka nalo lilikuwa linakamata. Nipo ndiyo mwisho wa njia, hivyo ukiifungua, shinikizo hutoka na kalipa hulegea popote pale palipozibwa, na ushahidi wote hupotea kwa mara moja.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kukanyaga pedali tena katikati. Ikiwa matairi zaidi ya moja yanakamata, legeza kwanza nati zinazoshikilia masta kwenye busta kwa mizunguko michache. Matairi yakiachia, hakuna kilichoziba: fimbo ya busta inaisukuma masta muda wote. Yasipoachia, zikaze nati hizo, kisha (au moja kwa moja, ikiwa tairi linalokamata ni moja tu) funika sehemu hiyo kwa kitambaa, na ulegeze kwa robo mzunguko nati ya bomba la chuma linalotoka kwenye masta kwenda kwenye tairi husika. Tairi likiachia hapo, masta ndiyo yenye kosa. Likiendelea kukamata, kaza, kisha ulegeze kiungo cha bomba la chuma na hosi karibu na tairi. Likiachia hapo, kizuizi kiko kwenye bomba au kwenye vali zilizo kati ya sehemu hizo mbili. Likikamata bado, sasa fungua nipo: tairi likiachia, hosi imeziba, lisipoachia, tatizo si la mafuta, bali pistoni au pini za kalipa zimeganda, na kwa breki za nyuma angalia pia waya wa breki ya mkono.

Vaeni miwani, maana mafuta hayo hutoka kwa kasi. Nati za mabomba zifunguliwe kwa spana ya pete yenye mwanya wa kupitisha bomba, kwani spana ya mdomo wazi huzivunja kona. Na ukishalegeza kiungo chochote, mfumo lazima utolewe upepo kabla gari halijarudi barabarani.

Hatua ya 6. Badilisha kilichothibitika, jaza mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, toa upepo, upime tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, gari yangu breki hazieleweki. Ninunue nini?

Jibu: Usinunue kitu. Tairi gani? Pedali ni ngumu au inazama? Pima kwa hatua ya 2 na ya 3, kisha urudi na majibu.

Swali: Nimefungua nipo moja kwa moja, halijatoka hata tone. Bila shaka hosi imeziba?

Jibu: Sababu ya kuanza juu nimeieleza kwa aya nzima. Hata hivyo, kitundu cha nipo chenyewe huziba kwa matope na kutu, hasa kikikosa kofia yake ya mpira. Itoe yote, ipitishe waya mwembamba, na uangalie kama mafuta yanatoka kwenye tundu la kalipa, kabla hujalaumu hosi.

Swali: Fundi wangu hubana hosi kwa koleo na kupata jibu kwa dakika moja. Kwa nini utupe maelezo marefu hivi?

Jibu: Kwa sababu koleo hilo huweza kupasua tabaka la ndani la hosi iliyokuwa nzima, na mwezi ujao utarudi hapa na tatizo jipya. Sina ugomvi na fundi wako, ila gari ni lako na watoto wanaopanda ni wako.

Swali: Naomba kuelewa, ndugu fundi: hosi inawezaje kuonekana mpya kwa nje na kuwa imeziba ndani?

Jibu: Ahsante kwa swali zuri. Hosi ina tabaka la ndani, nyuzi za kuiimarisha, na gamba la nje. Tabaka la ndani likichanika, kipande chake hugeuka kuwa kama mlango: mafuta yanapokwenda hukisukuma pembeni, na yanapotaka kurudi hukifunga. Chunguza pia kishikizo cha chuma kinachoizunguka hosi, kwa sababu kutu ikiota ndani yake huvimba na kuikaba hosi, jambo la kutarajiwa kwa magari yanayokaa karibu na bahari. Na unapobadilisha pedi, ifunge kalipa kwa waya kwenye springi. Kuiacha ining'inie kwa hosi ndiyo njia ya kuichana hosi hiyo.

Swali: Matairi yangu yote manne yanakamata baada ya mwendo wa kama kilomita tano. Zamani kuna mtu alijaza oili ya injini kwenye kikopo cha breki. Kuna uhusiano?

Jibu: Uhusiano upo, na ni mkubwa. Raba za mfumo huu huvimba zikiguswa na oili ya madini kama ya injini, kisha hukifunika kile kitundu cha masta, na breki zikipata joto mafuta hutanuka bila kuwa na pa kurudi. Chota kidogo kutoka kikopo hicho, uyadondoshee kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 huchanganyika na maji, oili huelea. Ikielea, raba zote za masta, kalipa na silinda za nyuma zibadilishwe pamoja na hosi, na mabomba ya chuma yasafishwe. Usiliendeshe gari hilo mpaka kazi hiyo iishe.

Swali: Hakuna kilichoelea. Fimbo ya busta ina uwazi wake kabla ya kuigusa masta, lakini taa za breki huchelewa kuwaka ninapokanyaga. Je, kuna lingine?

Jibu: Hapo umeangalia vizuri sana. Swichi ya taa za breki iliyo juu ya pedali, ikikazwa kupita kiasi, huizuia pedali isirudi mpaka mwisho, na masta hubaki imesukumwa kidogo. Ilegeze mpaka pedali ipate mchezo wa milimita chache na taa ziwake mara tu ukiigusa pedali na kuzimika ukiiachia, kisha utembee kilomita zile zile tano na uguse rimu kwa uangalifu. Utuletee jibu hapa.